Ronnie Coleman: maswali ninayoulizwa kila wiki jimu kwetu Ngarenaro, Arusha

Ukutani kwetu, juu ya rafu ya dambeli, kuna picha moja tu. Ni ya Ronnie Coleman kaipa kamera mgongo, mikono juu. Vumbi na jasho la miaka vimeila, na pembe moja imeshikiliwa na selotepu. Kijana akiingia mara ya kwanza lazima asimame pale kwanza, na dakika mbili hazipiti maswali yanaanza. Siku zote nayajibu huku nimesimama nyuma ya mtu aliyebeba chuma, kwa hiyo wengi wameondoka na nusu ya jibu. Leo nimekaa chini, nayajibu yote.

Kocha, huyu jamaa ni nani hasa?

Ni Mmarekani, mtunisha misuli mstaafu, aliyezaliwa tarehe 13 Mei 1964 huko Monroe, jimbo la Louisiana, akakulia mji mdogo wa Bastrop. Alishinda taji la Mr. Olympia mara 8 mfululizo, kuanzia 1998 mpaka 2005. Kwa watu wa vyuma, taji hilo ndilo la juu kuliko yote duniani. Mwanaume mwingine aliyewahi kufikisha mataji 8 ni Lee Haney, aliyetawala kuanzia 1984 mpaka 1991. Ukijumlisha mashindano yote ya kulipwa, Coleman alishinda mara 26.

Ni kweli alikuwa polisi?

Kweli kabisa, na hapa ndipo ninapopenda kukaa muda mrefu, kwa sababu ndiyo sehemu ya maisha yake inayotuhusu zaidi sisi wa huku.

Coleman alisoma uhasibu Chuo Kikuu cha Grambling State, akamaliza kwa alama za juu. Hapo chuoni alicheza pia ule mpira wao wa Kimarekani chini ya Eddie Robinson, kocha mwenye jina kubwa. Alipomaliza akahamia Texas kutafuta kazi ya uhasibu. Hakuipata. Mtu mwenye shahada yake akaishia kufanya kazi kwenye duka la piza la Domino's. Nikifika hapo huwa naona vijana wanaacha kucheka. Karibu kila mmoja ana kaka au dada aliyemaliza chuo ambaye leo anaendesha bodaboda Kijenge au anauza mitumba.

Mwaka 1989 akaingia polisi katika mji wa Arlington, Texas. Askari mwenzake ndiye aliyemwambia aende jimu moja inayoitwa Metroflex. Sasa sikiliza vizuri: alipotwaa Mr. Olympia ya kwanza 1998 alikuwa bado askari. Alipotwaa ya pili 1999, bado askari. Kazi ya kudumu aliiacha mwaka 2000, akabaki askari wa akiba mpaka 2003. Bingwa wa dunia anavua sare, anakwenda kufanya mazoezi, halafu anavaa tena. Kwa hiyo ukiniambia, "Kocha, jana sikuja, nilichelewa kutoka dukani," nakuelewa, lakini nitakuonyesha picha ile.

Nani alimwingiza kwenye mashindano?

Mwenye Metroflex, Brian Dobson. Coleman alikwenda pale kufanya mazoezi tu, jukwaani hakuwa na mpango. Dobson akaona mwili ule akampa ofa: shindana Mr. Texas, na mimi nitakuruhusu ufanye mazoezi hapa bure maisha yako yote. Coleman akakubali. Aprili 1990 akashinda Mr. Texas, na miongoni mwa aliowashinda alikuwamo Dobson mwenyewe. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa ridhaa uzito wa juu, akapata kadi ya kuingia mashindano ya kulipwa.

Metroflex yenyewe haikuwa jimu ya vioo. Haikuwa na kiyoyozi, na joto la Texas kiangazi si la kuchezea. Jimu yetu ilianza na gia za lori zilizochomelewa kwenye bomba la maji, na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Bado tunayo mawili, yako pale mlangoni. Mtu asikudanganye kwamba mwili unajengwa na mashine za bei kubwa.

Alipoingia kwenye kulipwa alishinda moja kwa moja?

Hapana. Na hili ndilo jibu ambalo ningetamani kila dogo wa miaka 19 alisome mara mbili.

Mr. Olympia yake ya kwanza ilikuwa 1992, Helsinki, Finland. Hakuingia hata kwenye orodha ya waliopewa nafasi. Mwaka 1994 akawa wa 15. Mwaka 1995 wa 11, ingawa mwaka huohuo alipata ushindi wake wa kwanza wa kulipwa, huko Kanada. Mwaka 1996 akapanda hadi wa 6. Halafu 1997 akarudi nyuma, wa 9. Jiweke mwenyewe pale: una umri wa miaka 33, una kazi ya polisi, umejitesa mwaka mzima kwa chakula na vyuma, na badala ya kupanda umeshuka nafasi tatu. Wangapi wangerudi?

Mwaka 1998 Dorian Yates, Mwingereza aliyeshinda mara 6, alikuwa amestaafu. Wengi walimtazamia Flex Wheeler. Na Wheeler huyohuyo ndiye aliyekuwa amemshauri Coleman afanye kazi na mtaalamu wake wa lishe, Chad Nicholls. Pale Madison Square Garden, New York, wakabaki wawili, jina la Wheeler likasomwa kwa nafasi ya pili. Coleman alianguka chini jukwaani. Alikuwa na miaka 34.

Tangu Mr. Texas mpaka hapo ni miaka 8, na miaka aliyobeba vyuma tangu shule ya sekondari hata sijaihesabu. Kijana akiniuliza mwezi wa tatu mbona kifua hakijatoka, huwa namwandikia tu kwenye daftari lake: 1990, 1998.

Alikuwa na kilo ngapi?

Urefu wake ni kama mita 1.80, si jitu. Mwaka 1998 alipanda jukwaani na kilo kama 113. Mwaka 2004 alikuwa karibu kilo 134, tena akiwa amekauka, mafuta yote yametoka. Nje ya mashindano alizidi hapo.

Alinyanyua vyuma vya kilo ngapi? Mtandaoni kila mtu anasema lake.

Yapo yaliyorekodiwa kwa kamera, tubaki na hayo. Alichuchumaa na chuma cha pauni 800 mabegani, yaani kilo 363, akasimama nacho mara 2. Alinyanyua uzito huohuo kutoka sakafuni, mara 2 pia. Kwenye mashine ya kusukuma kwa miguu aliweka pauni 2,300, zaidi ya kilo 1,040, akasukuma mara 8. Kwenye benchi alisukuma dambeli za pauni 200 kila mkono, ambazo ni kilo 90 na ushee.

Namba hizo zikisomwa tu hazisikiki. Siku moja nilimpeleka kijana mmoja kwenye duka la vifaa vya ujenzi barabarani, nikamwonyesha mifuko ya saruji, kila mmoja kilo 50. Nikamwambia ihesabu saba, weka begani, kaa chini, inuka. Ile dambeli ya benchi nayo, mfikirie mtu amelala chali, kila mkono umeshika gunia la mahindi kama yale yanayoshushwa soko la Kilombero na vijana wawili wawili.

Anapiga kelele gani zile kwenye video?

Kubwa ni mbili. Moja ni kujiitikia kabla ya kuanza, kama mtu anayejipigia makofi mwenyewe. Ya pili ni kujiambia kwamba chuma ni chepesi, wakati hakuna aliye chumbani anayeamini hivyo. Hapa kwetu vijana wanapokezana, mmoja yuko chini ya chuma, wengine wanamwimbia: "Nyepesi! Nyepesi hiyo!" Inasaidia, sitawazuia. Ila anayeimbiwa awe amebeba uzito wake, si uzito wa waimbaji.

Alikula nini, na sisi tutaupata wapi?

Alikula kuku bila ngozi, wali, viazi, nyama ya ng'ombe, na ute mweupe wa mayai kwa wingi. Asubuhi alikuwa anakula chakula cha watu wa kusini mwa Marekani, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa mpaka yanakuwa uji mzito. Kwa lugha yetu ni ndugu wa ugali. Mtu aliyekula ugali wa asubuhi akawa bingwa mara 8, na wewe unaniambia bila unga wa kopo kutoka nje huwezi kukua?

Kwa mtu wa kawaida anayebeba vyuma, gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku zinatosha. Ukiwa na kilo 70 ni kama gramu 112. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama 15. Dagaa wakavu ndio mfalme, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na bei yao inalipika. Ongeza maziwa, karanga, makande ya jioni, na nyama siku mfuko unaporuhusu. Loshoro pia ni chakula kizuri cha baada ya mazoezi, mahindi na maziwa mgando vimekutana humo, na wazee wa huku walilijua hilo kabla ya sisi kuzaliwa.

Unga wa protini si sumu wala si muujiza. Mara nyingi ni protini ya maziwa iliyokaushwa. Kama una hela ya ziada na mayai yamekuchosha, nunua kwa muuzaji anayejulikana, kopo limefungwa, tarehe inasomeka. Usinunue unga uliopimwa kwenye mfuko wa nailoni.

Alitumia sindano?

Ndiyo. Alipokuwa kwenye mashindano ya kulipwa alitumia steroidi, yaani homoni za kukuza misuli, na amelisema mwenyewe hadharani. Sitakuficha hilo ili picha ya ukutani ipendeze. Mwili wa kilo 134 usio na mafuta haupatikani kwa dagaa.

Ila na mimi nina la kusema. Kila mwezi kuna mtu ananijia pembeni, anashusha sauti, anauliza kama "najua mahali". Sijui, na sitajua. Homoni hizo zikitoka nje, mwili wako unaacha kutengeneza za kwako, korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua. Nimewahi kukaa na kijana aliyeoa, miaka miwili hawajapata mtoto, akinieleza alichojichoma. Moyo nao ni msuli, nao unanenepa, na unene wa moyo si sifa. Shinikizo la damu linapanda, ini linachoka. Shawn Rhoden, bingwa wa Mr. Olympia wa 2018, alifariki Novemba 2021 kwa mshtuko wa moyo akiwa na miaka 46. Na hao ni watu wenye madaktari wa kuwapima. Wewe kichupa chako kimekuja na basi, kimefungwa kwenye gazeti, hujui kama ndani ni homoni au mafuta ya kula.

Nimeona video yuko kwenye kiti cha magurudumu. Ni yeye kweli?

Ni yeye. Mwaka 2006 alishindwa na Jay Cutler, ambaye alikuwa amekaa nafasi ya pili nyuma yake mara 4. Mwaka 2007 akawa wa 4, akaacha mashindano. Desemba mwaka huohuo akafanyiwa upasuaji wa kwanza wa mgongo, na haukuwa wa mwisho. Amepasuliwa zaidi ya mara 10. Pingili za kiuno zimeunganishwa kwa vyuma na skrubu, na baadhi ya skrubu zilivunjikia ndani. Shingo nayo imeunganishwa. Mwaka 2014 nyonga zote mbili ziliwekwa za bandia. Leo anatembea kwa magongo, na safari ndefu anatumia kiti.

Basi ni vyuma vizito vilivyomharibu?

Kwa sehemu kubwa nadhani ndiyo, ingawa si hivyo peke yake. Mgongo wake ulianza kusumbua tangu ujana, enzi za mpira na kunyanyua vyuma vya nguvu. Mwaka 1996 diski ya mgongo ilimtoka akiwa anachuchumaa na chuma. Ukiangalia tarehe utaona kitu: mataji yote 8, na zile pauni 800, vimekuja baada ya hapo. Alijenga juu ya mgongo ambao tayari ulikuwa umeshamwonya.

Mweke pembeni yake Lee Haney. Mataji ni yaleyale 8. Haney alifundisha kwamba zoezi ni la kuuamsha msuli, si la kuuteketeza. Aliacha 1991 akiwa bado bingwa, kabla hajafikisha miaka 32, na anatembea kwa miguu yake. Hakuna anayebandika picha yake ukutani kwa sababu hakuna video yake akiwa chini ya pauni 800. Nimeitafuta picha ya Haney ya kuchapa, nataka ikae palepale, ubavuni.

Hili la mgongo nalisema kwa uchungu kwa sababu limenipata. Ilikuwa Julai, asubuhi, baridi ile ya Meru ambayo bomba la chuma likiguswa linauma vidole. Nilikuwa na miaka 26. Sikupasha mwili, nilikuwa na haraka ya kuwahi kibarua. Niliweka kilo 140 sakafuni kwa sababu jana yake mwenzangu alikuwa amenyanyua 130. Chuma kikafika magotini, nikasikia kiunoni kitu kama kamba ya katani inayokatika, taratibu, uzi baada ya uzi. Niliachia. Nilikaa sakafuni nikitazama miguu yangu kuona kama inasogea. Wiki tatu mke wangu alinifunga kamba za viatu. Ilipita miezi minane ndipo nikaweza kubeba ndoo ya maji bila kushika ukuta kwanza.

Kwa hiyo nikikuzuia mbele ya wenzako, nikikwambia toa kilo 20 kila upande, usione nakuaibisha.

Anajuta?

Amesema mara nyingi kwamba hajuti. Amesema jambo moja tu linamuuma, kwamba zile pauni 800 alizichuchumaa mara 2 wakati alijua angeweza kufika 4. Namheshimu kwa kusema wazi, maisha ni yake na alipata alichokitafuta. Lakini yeye alikuwa na mataji 8 ya kupima kwenye mizani dhidi ya mgongo wake. Sisi tunaobeba vyuma ili tuwe na afya na tupendeze kwenye shati, upande wa pili wa mizani tutaweka nini?

Sasa hivi anaishi kwa nini?

Ana kampuni yake ya virutubisho vya mazoezi, yenye jina lake, aliyoianzisha 2011. Anasafiri pia kwenye maonyesho na kukutana na mashabiki.

Mimi ni mama. Mwanangu wa miaka 14 ameanza kuja hapo kwenu, haitamdumaza?

Hapana mama yangu, mazoezi yanayosimamiwa hayamdumazi mtoto. Kinachomuumiza ni kubeba kwa mashindano bila mtu mzima pembeni. Wa umri huo tunawapa pushapu, kuning'inia kwenye bomba, kuchuchumaa bila uzito, na dambeli ndogo. Saa kumi na mbili jioni anatakiwa awe ameshaondoka kwenda kusoma. Karibu uje mwenyewe uone.

Wasichana je, nao watakuwa kama Coleman?

Dada zangu, Coleman mwenyewe ilimchukua miaka 8 na zaidi, akiwa na homoni za kiume za kwake na za sindano. Kilo 20 za chuma mara tatu kwa wiki hazitakufanya hivyo. Zitakupa mgongo imara na mifupa isiyovunjika ovyo uzeeni. Na kama unataka kushindana kweli, historia ipo: Lenda Murray alishinda Ms. Olympia mara 8, Iris Kyle mara 10. Iris Kyle amempita Coleman.

Naweza kuishi kwa kutunisha misuli hapa Tanzania?

Kwa zawadi za mashindano peke yake, usitegemee. Wenzetu wengi wanaishi kwa kufundisha, au kwa ubaunsa wa kumbi na hoteli. Ushauri wangu ni ule wa Coleman mwenyewe kwa vitendo, kazi ya kudumu aliiacha baada ya taji la pili. Usiache kazi kwa ajili ya kioo.

Bado anafanya mazoezi?

Ndiyo, na hizi ndizo video zake ninazozipenda kuliko zote. Anaingia na magongo, anayaegemeza kwenye mashine, anakaa, anavuta uzito ambao kijana wetu yeyote angeuvuta. Anahesabu mpaka mwisho wa seti. Anashika magongo, anakwenda mashine inayofuata.

Kuna mzee wetu mmoja, dereva mstaafu wa magari makubwa, nyonga ilimsumbua akawa hatoki nyumbani. Mjukuu wake alimwonyesha video hiyo kwenye simu. Sasa anakuja Jumanne na Ijumaa, fimbo anaiweka kwenye kona ileile ya rafu ya dambeli, chini ya picha.

Nataka kuanza. Nije na nini?

Njoo Jumatatu saa kumi na moja jioni, na taulo, maji ya kunywa na raba zisizoteleza. Daftari pia, la mistari, la kurasa 40 linatosha. Wiki mbili za kwanza utabeba bomba tupu.